Prashad Si Chakula

Keringet, 10 Machi 1968

Kaka Gurdial,

Nakusalimu wewe, mke wako, mwanenu Manjit na dada yako Surjit. Sisi tuko. Hezekiah amemaliza kazi ya mavuno ya ngano kule Mau Narok. Shingo imechubuka kwa vumbi la mashine, lakini mume akirudi na vidole vyote mimi huwa sina malalamiko. Goti la mama limevimba tena. Shuleni nimepewa darasa la tatu na la nne katika chumba kimoja, ubao tumeugawa katikati kwa chaki. Mvua bado.

Barua hii naituma dukani kama tulivyozoea, isipite mikononi mwa mama yako nyumbani. Tangu baba yetu afariki, miaka saba sasa, sijakuomba kitu. Leo nakuomba neno moja.

Zeddy wangu ametimiza miaka mitatu na bado anavaa nguo za mtoto wa mwaka mmoja. Tumbo limejaa kama ngoma, mikono na makalio yamenyauka. Anaharisha kila siku, choo kingi, cheupe, chenye mafuta, na harufu yake hata kuku wanaikimbia. Dresa wa dispensari alisema ni kwashakoo, akanigombeza mbele ya foleni: "Mwalimu mzima, mtoto mmoja anakushinda kulisha?" Akanipa maziwa ya unga na biskuti. Nimefuata kila alichosema na mtoto amezidi kukonda. Maziwa ya unga yanapita kama maji. Mursik ya mama, maziwa yake ya kibuyu, ndiyo hukaa tumboni angalau kidogo.

Sasa sikia. Zamani kidogo nilipopita dukani nilimwona Manjit amekalishwa juu ya kaunta. Tumbo lilikuwa hili hili, na miguu hii hii. Krismasi iliyopita nilimwona tena, anapiga mpira barazani, mashavu yamejaa. Nikakuuliza, ukanijibu, "Alikua tu." Gurdial, watoto hawaponi kwa kukua tu. Mlimpa nini?

Dada yako,
Jepchumba

*

Nakuru, 2 Aprili 1968

Bibi Jepchumba,

Salamu. Barua nimepata. Sisi ni wazima. Biashara si mbaya, ila kila mteja anayeingia kununua bawaba anauliza kwanza kama nasi tunahamia Uingereza. Nimechoka kujibu. Surjit ameposwa na watu wa Kisumu, wenye duka la vitambaa. Harusi ni Septemba na nyumba nzima imejaa cherehani.

Habari za mtoto wako zimenisikitisha. Watoto wengi hupita hapo. Manjit alikuwa na homa za kawaida, zikaisha.

Namtuma Kinyanjui, dereva wa lori letu, akuletee gunia la mchele. Mchele huo ni wa mtoto. Ale wali peke yake, asichanganyiwe kitu kingine. Naomba sana.

Wako,
G. Singh

*

Keringet, 21 Aprili 1968

Kaka Gurdial,

Salamu kutoka kwetu wote. Mvua imeanza na barabara ya kwenda Molo imekuwa uji. Goti la mama linaendelea vizuri. Hongera kwa Surjit. Namkumbuka akiwa bado anabebwa.

Kinyanjui alifika na gunia lako. Alikaribishwa chai kwa jirani, na kabla hajamaliza kikombe Keringet yote ilijua kwamba Mhindi wa Nakuru ametuletea chakula. Mume wangu ana shamba, Gurdial. Mimi nina mshahara. Hatujafika mahali pa kushushiwa gunia kama watu waliokumbwa na mafuriko. Hezekiah alitoka akaenda kukaa na ng'ombe. Jumamosi kulikuwa na mkutano wa akina mama wa kanisa, nikaupika mchele wote. Wameshukuru sana.

Niliuliza swali nikajibiwa kwa gunia. Homa za kawaida hazimjazi mtoto tumbo lile miaka miwili. Mimi nilimwona.

Zeddy nimempeleka hospitali ya wilaya. Daktari alitafuta minyoo, hakuna. Akatafuta malaria na kifua kikuu, navyo hakuna. Akasema anahitaji chakula chenye nguvu, mkate na chapati. Hilo la chapati sikuhitaji kuambiwa. Baba alinifundisha mwenyewe pale kwenye mashine yake ya kupasulia mbao, nikiwa nimesimama juu ya kigogo ili nifikie meza, na mpaka leo kwangu hazikosi asubuhi. Majirani wanakula ugali, na nyumba yangu inajulikana kwa harufu. Zeddy hula moja na nusu kwa chai.

Nauliza tena. Mlimpa Manjit nini?

Dada yako,
Jepchumba

*

Nakuru, 9 Juni 1968

Bibi Jepchumba,

Salamu. Nisamehe kwa kukawia. Kuna sheria mpya ya leseni za biashara na siku zangu zinaishia kwenye foleni.

Tafadhali usiandike habari za Manjit katika barua. Juzi mama alikuja dukani akakuta bahasha yako mezani. Hasomi Kiswahili, lakini mhuri wa Molo anaujua. Ilibidi niseme ni mtu anaagiza misumari.

Kuhusu mchele, nilisema ni wa mtoto. Nilisema wazi.

Sasa nasema jambo jingine na nakuomba usiniulize kwa nini. Acha kupika chapati. Wewe huna haja nazo. Watu wa kwenu wana ugali wa wimbi na wa mahindi, vyakula vizuri kabisa. Mlee mtoto kwa chakula cha kwenu.

Wako,
G. Singh

*

Keringet, 20 Juni 1968

Gurdial,

Salamu utazikuta mwisho, kama zitabaki.

"Chakula cha kwenu." Kwetu ni wapi? Niambie wewe, niliyecheza nawe kwenye maranda ya mbao mpaka tukawa weupe kama mizimu, na mzee mmoja akatukung'uta sote wawili kwa kilemba chake. Alipokufa mlimchoma kwa desturi yenu huko Nakuru, mimi na mama tukasimama nje ya lango pamoja na wafanyakazi wa mashine. Sikulalamika. Mlibaki na duka, lori, jina, na picha yake ukutani. Mimi nilibaki na mti wa kusukumia chapati na chuma cha kuzichomea. Sasa hata hivyo vimewauma?

Mama yako amewaambia watu miaka yote kwamba mzee alimsaidia mama yangu kwa huruma tu. Nilinyamaza. Hapa shuleni nikigeukia ubao watoto wananiita Mwalimu Kalasinga. Nanyamaza pia, kwa sababu ni kweli. Lakini sikutegemea wewe uje kunipokonya baba yangu kwa kalamu, na mtoto wangu akiwa katika hali hii.

Tangu barua yako ifike napika asubuhi na jioni. Leo Zeddy amekula mbili. Ya pili hakuitaka, nikamlisha kwa mkono, kipande kwa kipande, mpaka ikaisha. Hawezi tena kusimama bila kushika kitu. Nywele zake zinang'oka nikimfunga kitambaa.

Salamu hazikubaki.

Jepchumba binti Joginder

*

Nakuru, 27 Juni 1968

Dada Jepchumba,

Barua yako imefika asubuhi hii. Naandika nikiwa nimesimama na Kinyanjui ananingoja nje na lori. Siitumii posta.

Usimpe Zeddy chapati. Usimpe mkate, biskuti, mandazi, tambi, wala uji wowote wenye ngano. Shayiri pia hapana. Ngano ndiyo inayomuua.

Manjit tulimpeleka Nairobi kwa daktari mmoja wa watoto aliyesomea mambo haya Uingereza. Alimmezesha kitu kidogo kama kidonge kilichofungwa kwenye mpira mwembamba, kikachukua kipande cha utumbo. Alisema utumbo wa mtu mzima wa afya uko kama taulo, una manyoya manyoya ya kufyonza chakula. Wa Manjit ulikuwa umeparwa kama ubao uliopigwa randa. Katika ngano kuna mnato, ule unaolifanya donge la chapati livutike. Tumboni kuna vitu vya kuvunja chakula, daktari aliviita enzaimu, kila kimoja na kazi yake. Yeye anadhani mtoto wa namna hii huzaliwa amekosa kile cha kuvunja mnato huo. Alisema anadhani. Wenzake wanabishana naye, wanasema ni mwili wenyewe unaopigana na ngano kama unavyopigana na ugonjwa. Kuhusu dawa hawabishani: ngano itoke, hata chembe, maisha yote. Na maziwa yasiyoganda nayo yaachwe mpaka utumbo upone. Hilo mama yako ameligundua na kibuyu chake.

Akasema pia kwamba jambo hili linatembea katika damu ya familia. Si kila mwenye damu hiyo huugua. Kinachorithiwa ni hatari.

Basi hiyo ndiyo sababu nilikuficha. Kabla ya Surjit mama alizaa msichana mwingine, akanyauka, akafa na tumbo kubwa. Watu wakasema ni jicho baya. Watu wa Kisumu wakisikia kuna kitu cha damu, Surjit hataolewa huko wala kwingine. Mama aliniapisha mbele ya picha ya baba. Na la pili unaliona mwenyewe. Manjit amelipata upande wa babu yake. Kama Zeddy analo, amelipata wapi? Mama ameikana damu hiyo miaka yote, kumbe iko tumboni mwa mtoto.

Nilijaribu kukwambia bila kusema. Mchele ulikuwa hivyo. Chapati ilikuwa hivyo. Niliandika "huna haja nazo" nikajiona mwerevu.

Kinyanjui anapiga honi.

Gurdial

*

Keringet, 4 Agosti 1968

Kaka Gurdial,

Nakusalimu, na wa nyumbani wote. Hezekiah anakusalimu pia, jambo ambalo halikuwa rahisi kwake. Mama hajambo. Mvua imeharibu viazi.

Barua yako ya Juni ilinifikia katikati ya Julai. Lori la Kinyanjui liliteleza mtaroni kabla ya kufika hapa, likavutwa na trekta kurudi Molo, na bahasha yako ikarudi Nakuru katika mfuko wa koti lake. Aliikumbuka alipotaka kulifua. Siku zote hizo Zeddy alikuwa anakula chapati mara mbili kwa siku, kwa hasira yangu na werevu wako. Lawama nitazigawa nikipata nafasi. Usidhani fungu langu litakuwa dogo.

Siku hiyo hiyo niliacha. Anakula ugali wa wimbi, viazi, mboga na mursik. Mwanzoni sikuona tofauti yoyote, na mama alinikuta jikoni nimekishika chuma cha chapati nataka kukirudisha motoni. Akaniambia, "Wewe subiri. Hata shamba ukiling'oa magugu leo halioti leo." Kisha choo kikaanza kushikana. Kisha mtoto akaomba chakula. Sikumbuki mara ya mwisho Zeddy kuomba chakula. Jana alimfukuza jogoo kwa mwiko, akaanguka, akainuka peke yake, akaendelea kumfukuza.

Nilirudi hospitali ya wilaya nimweleze daktari, asije akamshauri mama mwingine mkate. Akatabasamu. "Mama, huo ni ugonjwa wa Wazungu na Wahindi." Nikamwambia baba yangu alikuwa Joginder Singh wa mashine ya mbao. Karani wake alicheka mpaka akaangusha kalamu. Nikambeba mtoto nikaenda zangu. Kumbe kuna mahali pengine pia, mbali na kwenu, ambapo siwezi kuwa binti yake.

Harusi iwe njema. Mdomo wangu umefungwa. Lakini Surjit naye atazaa, Gurdial. Mwambieni yeye, hata kama hamtawaambia wakwe zake.

Dada yako,
Jepchumba

*

Nakuru, 13 Oktoba 1968

Dada Jepchumba,

Salamu nyingi kwa Hezekiah, mama, na mkimbiza majogoo. Harusi imepita. Surjit yuko Kisumu na analalamikia joto. Nilimwambia kabla hajaondoka. Akasema, "Kwa hiyo aliyekufa hakuuawa na jicho?" 

Sasa ni zamu yangu kuudhika. Tumbo la Manjit limerudi. Amepungua, anaharisha, na usiku analia miguu inamuuma. Nilimpeleka Nairobi na daktari akanikaripia kama mtoto wa shule. "Nani anampa ngano?" Nikasema hakuna. "Bwana Singh, tumbo halisemi uongo. Mtu fulani anampa."

Nani? Unga wa ngano tumeufungia kabatini na ufunguo anao mke wangu. Manjit ana sahani yake, sufuria yake, roti zake, chapati za unga wa mahindi. Shuleni anakwenda na chakula chake na mwalimu anajua. Nikamshuku Wangui, mpishi wetu, kwa sababu anampenda mtoto na kwao huwa anakaanga mandazi. Akaapa. Nikamwambia aende zake. Amekaa nasi tangu Manjit azaliwe, na ameondoka bila hata kupandisha sauti. Hiyo ilikuwa mwezi uliopita. Manjit hajapata nafuu.

Mama anasali sana. Mimi sijui tena nimtazame nani.

Kaka yako,
Gurdial

*

Keringet, 27 Oktoba 1968

Kaka Gurdial,

Sote wazima. Zeddy ameanza kubishana, tunashukuru. Shule zinakaribia mitihani na mimi bado nina ubao nusu.

Nimeisoma barua yako mara nyingi. Umehesabu nyumba, umehesabu shule. Jumapili mnampeleka wapi?

Nilipokuwa na miaka saba hivi, baba alikuja kutuchukua hapa na lori, akaniteremsha Nakuru mlangoni mwa gurdwara, hekalu lenu. Mama yako hakuwepo, nafikiri alikuwa amesafiri. Baba alinifunga kitambaa kichwani akaniambia niketi nisiongee. Mwishoni akapita mzee na bakuli kubwa. Baba akanionyesha jinsi ya kuunganisha viganja, na yule mzee akaniwekea donge la kitu cha moto, kitamu, chenye mafuta. Sikujua kama kinaliwa au kinashikwa tu. Baba akasema, "Kula, ni ya Mungu." Mikono yangu ilinukia samli mpaka Molo. Nilikataa kunawa siku mbili.

Nimepika miaka mingi tangu siku hiyo, na ulimi wangu haujasahau. Samli nilionja, sukari nilionja. Kile cha tatu ni nini?

Kama ni hicho ninachofikiri, nenda kwa Wangui leo hii. Usimtume Kinyanjui.

Dada yako,
Jepchumba

*

Nakuru, 8 Desemba 1968

Dada Jepchumba,

Salamu kwenu wote. Cha tatu ni unga wa ngano.

Samli, sukari, unga wa ngano na maji. Nimekula kitu hicho kila Jumapili ya maisha yangu, nimesimama jikoni pale nikakoroga sufuria kwa zamu yangu, na sikuwahi kukihesabu. Hata daktari alipouliza, "Anakula nini siku nzima?" nilimtajia mpaka peremende. Prashad, hilo donge la gurdwara, haikupita kichwani. Si kitu unachosema umekula. Ni kitu ulichopewa.

Manjit hushikwa mkono na mama kila Jumapili. Kumbe mwanzoni, Nairobi walipotukataza ngano, mke wangu alikuwa anamzuia. Mama akaona aibu mbele ya watu, mtoto kupitwa na bakuli. Tangu maandalizi ya harusi, mke wangu akawa hana nafasi, na mama akaanza kumpeleka peke yake; mke wangu alidhani naye anamzuia.

Nilimwambia jioni. Nakuandikia maneno yenyewe, maana bado yananiwasha.

"Mama, prashad ina ngano."

"Prashad si chakula."

"Inatengenezwa na unga ule ule ulio kabatini."

"Ukiingia kwenye sufuria ni unga. Ukisomewa sala si unga tena. Baba yako hakukufundisha?"

"Tumbo la Manjit halijui sala."

"Guru hampi mtoto ugonjwa."

"Guru hampi. Wewe ndiye unayempa."

Hapo nilikosea. Alijifunika shali mpaka usoni. Baadaye akauliza kutoka ndani ya shali, "Nani amekutia maneno haya? Wewe huna akili ya kuyafikiria." Nikafikiria misumari, Jepchumba, naapa nilifikiria misumari. Kisha nikasema, "Binti ya baba, wa Keringet. Ana mtoto mwenye tumbo kama la Manjit, na kama la yule aliyekufa."  Mpaka leo hajaongea nami. Chai anaomba kwa mke wangu, na mimi nikiwa hapo hapo.

Manjit sasa hapelekwi gurdwara. Mama anakwenda peke yake na kurudi amenuna. Watu wanamuuliza mjukuu yuko wapi, anasema ana mafua.

Kwa Wangui nilikwenda mwenyewe. Alinisikiliza mlangoni. Amepata kazi kwingine na hataki kurudi. Alisema, "Mzee, mimi ningemlisha mtoto wangu sumu?"  Alimtumia Manjit chungwa.

Kaka yako,
Gurdial

*

Keringet, 29 Desemba 1968

Kaka Gurdial,

Heri ya mwaka unaokuja. Zeddy amevaa gauni la umri wake Krismasi hii, kwa mara ya kwanza, na limechanika tayari. Hezekiah msimu ujao atapanda viazi na pareto tu. Anasema hataki kuona suke la ngano nyumbani kwake. Mashine atawaendeshea wengine.

Unaishi na mama yako nyumba moja na unaniandikia mimi jinsi alivyojifunika shali. Mimi nitafanya nini na shali kutoka hapa? Umesema kweli mara moja, tena kwa kuumiza, na sasa umekaa unangoja aanze yeye. Hivyo ndivyo ulivyokaa mwezi wa Machi.

Mimi sina ugomvi naye juu ya bakuli. Baba alinipa prashad, na iko salama mwilini mwangu mpaka leo. Sitaki umwambie ni unga tu. Kwangu pia haikuwa unga.

Nilisahau kukuuliza: yule msichana aliyekufa aliitwa nani? Alikuwa dada yangu pia.

Jepchumba

*

Nakuru, 16 Februari 1969

Dada Jepchumba,

Salamu kwa Hezekiah, mama, na gauni lililochanika. Huku joto na vumbi la ziwani. Leseni nimepata, ya mwaka mmoja, kwa hiyo wateja wanaweza kuacha kuniuliza mpaka mwakani. Manjit anaongezeka tena, polepole, kama mara ya kwanza.

Barua yako nilimsomea mama. Yote, hata pale uliponisema. Nilitafsiri mstari kwa mstari na yeye akiwa amenipa mgongo anachambua dengu. Nilipofika kwenye swali lako la mwisho mikono ilisimama. Akasema, "Harbans." Nilikuwa sijawahi kulisikia jina hilo likitajwa nyumbani kwetu. Akaendelea na dengu.

Jumapili iliyofuata alisema Manjit aende gurdwara. Mke wangu akasimama mlangoni. Mama akamwambia, "Toka njiani, mimi si mjinga." Nikaenda nao, nikaketi upande wa wanaume nikitazama viganja vya mtoto kama polisi. Mzee wa bakuli alipofika kwao, Manjit akaunganisha mikono, na mama akaishusha chini. Akatoa yake akapokea, akala. Kisha akaitoa tena. Mzee akasita. Mama akasema kwa sauti, ili wale waliokuwa wakiulizia mafua wasikie, "Hii ya mjukuu wangu. Tumbo lake haliwezi. Mimi nampokelea." Akala na hiyo. Mzee akapita. Hakuna paa lililoanguka. Akina mama wawili walimfuata nje wakamuuliza, kwa siri, tumbo la Manjit linakuwaje, na mmoja alilia. Surjit ameshaolewa, kwa hiyo mama aliwaeleza.

Wiki nne amefanya hivyo, mara mbili, yake na ya Manjit. Leo alipomaliza ya Manjit hakushusha mikono. Mzee alishaanza kwenda kwa mwingine, ikabidi arudi.

"Na hii ya nani, Bhagwanti?"

"Ya mtoto wa Keringet."

"Keringet una nani?"

"Joginder ana mjukuu huko," mama akasema. "Weka, inapoa."

Mimi nilikuwa natazama zulia. Nilipoinua macho alikuwa anajifuta samli kwenye viganja, taratibu, kama mtu aliyemaliza kazi.

Tatizo lililobaki ni hili. Daktari wake wa hapa mjini alimpima wiki iliyopita akamkuta na kisukari, akamwambia apunguze vitu vitamu. Nimemweleza kwamba madonge matatu kila Jumapili ni mengi kwa mtu wa umri wake. Ameanza kuongea nami tena uso kwa uso, na neno la kwanza lilikuwa lile lile la zamani. Anasema prashad si chakula.

Kaka yako,
Gurdial